Usichome Daftari la Babu

Wajukuu zangu,

Mlipokuja Krismasi mliniuliza kwa nini meza yangu imejaa vitabu vya habari za maandiko ya Wayahudi, hali mimi ni Mkatoliki wa Tabora niliyefundisha Kiswahili sekondari maisha yangu yote. Niliwajibu kwa mkato kwa kuwa wageni walikuwa wengi. Leo nyumba imetulia, nawaandikia jibu lenyewe.

Mmoja wenu ameanza chuo kikuu. Mwingine anapata riziki kwa kutafsiri. Na mdogo wenu ukimuuliza jambo, anashika simu kabla hajafikiri. Wosia wangu kwenu nyote ni mmoja: neno mnalolipokea lifuateni hadi kwenye karatasi iliyolizaa, na karatasi hiyo mkiipata msiitupe. Nililijua hilo kwanza kwa aibu yangu mwenyewe, kisha kwa kusoma kazi ya wanazuoni wa vitabu vya Kiyahudi. Nianze na aibu.

Babu yangu alikuwa na daftari. Lilikuwa na jalada jeusi la kitambaa, kingo zimeliwa na mende, na ndani mwandiko wa penseli umelala upande kama majani yaliyopigwa na upepo. Wakati wa njaa ya mwishoni mwa miaka ya arobaini aliwakopesha majirani mtama, na kila mkopo aliuandika: jina la mtu, siku, na kiasi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, naye aliwasikia. Alipofariki, daftari likaja kwangu kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa nimesoma.

Nilikuwa mwalimu kijana. Nikakaa jioni kadhaa mbele ya mashine ya chapa, nikalinakili daftari zima. Kila palipoandikwa pishi, mimi nilipiga kilo, nikidhani ninamsaidia babu aonekane mtu wa kisasa. Majina ya watu niliyaandika kwa tahajia niliyoiona nzuri. Palipofutika nilijaza kwa akili yangu. Nilipomaliza nilikuwa na kurasa safi, nyeupe, zimepangika. Daftari lenyewe nikalitia motoni pamoja na majani ya uani. Nilijiambia: nakala ipo, hili chafu la nini?

Miaka ikapita. Kwenye matanga ya baba yangu mkubwa wazee wakataka kusikia wema wa marehemu babu, nikatoa kurasa zangu nikasoma: fulani, kilo 7 za mtama, fulani, kilo 4. Mzee mmoja akainua mkono. Akasema, "Mwalimu, mwaka ule hapa kwetu nani alikuwa na kilo? Sisi tulipima kwa kibaba na pishi, na dukani kwa Mhindi kwa ratili. Unachotusomea ni cha nani?"

Sikuwa na jibu. Pishi moja ni vibaba vinne, na ya mtama ina uzito unaozidi kilo mbili. Kwa neno moja nilikuwa nimeupunguza ukarimu wa babu kwa zaidi ya nusu. Tena kuna lililoniuma zaidi: tangu siku ile hakuna aliyeziamini kurasa zangu. Kama nimebadilisha kipimo, nimebadilisha nini kingine? Mwenye kuweza kujibu alikuwa daftari, na daftari lilikuwa majivu.

Nilipostaafu nilipewa funguo za maktaba ndogo ya parokia. Jioni moja nilifungua Biblia kwenye kitabu cha Yoshua bin Sira. Mnakijua: ni kitabu cha nasaha, mzee anawausia vijana juu ya ulimi, marafiki, fedha, wazazi na kumcha Mungu. Ndugu zetu Waprotestanti hawakihesabu katika Biblia yao, na Wayahudi wenyewe hawakukiingiza katika Maandiko yao Matakatifu, ingawa marabi walikijua na kukitaja katika Talmudi, mkusanyo wa mijadala yao. Nilikuwa nimekisoma mara nyingi, lakini utangulizi wake nilikuwa nauruka kila mara. Jioni ile niliusoma, nikakuta anayesema mle ni mjukuu wa yule mzee.

Babu aliandika kwa Kiebrania mjini Yerusalemu, karibu mwaka 180 kabla ya Kristo. Mjukuu alihamia Misri mwaka 132 kabla ya Kristo, akakuta Wayahudi wengi wa huko wanasema Kigiriki, akaona vibaya hekima ya babu iwapite. Akakesha akikitafsiri. Kisha, kabla msomaji hajaanza, anaomba radhi: mtuvumilie palipo na upungufu, kwa maana jambo lililosemwa kwa Kiebrania halibaki na nguvu ile ile likihamishiwa lugha nyingine.

Niliweka kitabu mapajani. Huyu alimtumikia babu yake kwa uaminifu wote, na bado aliona haya. Mimi nilimharibia babu yangu ndani ya lugha yetu wenyewe, nisione haya mpaka nilipoulizwa mbele za watu.

Wewe unayetafsiri, hapa pana fungu lako. Fanya kazi yako kwa bidii, lakini umwambie msomaji kwamba umesimama kati yake na mwenye maneno. Na usimfiche mwenye maneno, maana jambo lililompata bin Sira linaweza kumpata yeyote. Tafsiri ya mjukuu ilienea, ikaingia katika Biblia za Wakristo. Kiebrania cha babu kikakosa wanakili, kikapotea. Kwa karne nyingi wasomi waliishi na Kigiriki, Kisiria na Kilatini. Kwa Kiebrania yalibaki mafungu machache tu ambayo marabi waliyanukuu. Mzee wa Yerusalemu akawa anasikika kwa vinywa vya wakalimani.

Sasa sikilizeni alivyopatikana.

Mwaka 1896 wanawake wawili pacha wa Scotland, Agnes Smith Lewis na Margaret Dunlop Gibson, walirudi nyumbani kwao Cambridge, Uingereza, na vipande vya miswada walivyonunua safarini Mashariki ya Kati. Walikuwa wajane, Wakristo, wamepita miaka hamsini, nao walikuwa wamejifunza Kiarabu na Kisiria ukubwani. Chuo kikuu cha mji wao hakikuwapa wanawake shahada, na hakikuanza kuwapa mpaka mwaka 1948. Hawakungoja shahada ndipo wasome. Binti zangu, hilo mlitie moyoni.

Vipande vingine vilikuwa vya Kiebrania. Wakamwonyesha rafiki yao Solomon Schechter, Myahudi mzaliwa wa Romania aliyefundisha maandiko ya marabi pale Cambridge. Mwezi wa Mei akakitazama kipande kimoja kilichochakaa pale pale nyumbani kwao, akashtuka, akakipeleka maktabani akilinganishe. Kilikuwa ukurasa wa Yoshua bin Sira, sehemu ya sura ya 39 na ya 40, kwa Kiebrania. Mjukuu alikuwa ameomba radhi zaidi ya miaka 2,000 kabla. Sasa babu mwenyewe alikuwa juu ya meza.

Schechter angeweza kushangilia na kuishia hapo. Yeye aliuliza swali ninalotaka liwe swali lenu la kila siku: hiki kimetoka wapi? Dalili zilielekea Fustat, yaani Kairo ya kale, kwenye sinagogi la Ben Ezra. Desemba ya mwaka ule ule akaenda, gharama zikibebwa na Charles Taylor, padri wa Kianglikana aliyekuwa mkuu wa Chuo cha St John's na aliyependa elimu ya Kiyahudi.

Kwa Wayahudi, andiko lenye jina la Mungu halitupwi. Likichakaa huwekwa kando, mara nyingi mpaka lizikwe. Mahali pa kuliwekea huitwa geniza. Mwanazuoni S. D. Goitein alilihusisha neno hilo na janaza la Kiarabu, lile lile lililotupa sisi jeneza. Geniza basi ni kama jeneza la vitabu. Majirani zetu Waislamu hapa Tabora wana adabu ya jinsi hiyo: msahafu uliochakaa hauendi jalalani.

Lakini watu wa Fustat walizidisha heshima. Wengi wao waliandika Kiarabu kwa herufi za Kiebrania, kama wazee wa pwani yetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na chochote chenye herufi hizo waliona kinastahili kuhifadhiwa. Ndani ya sinagogi palikuwa na chumba kisicho na mlango wala dirisha. Ulipanda ngazi, ukafika kwenye tundu la ukutani, ukadondosha karatasi yako ndani. Walifanya hivyo kwa karne na karne, na ukavu wa Misri ukazitunza. Schechter alizama humo siku nyingi katika vumbi la vitabu lililomwingia kifuani likamdhuru. Kwa idhini ya viongozi wa Wayahudi wa Kairo alipeleka Cambridge vipande ambavyo leo vinahesabiwa kuwa zaidi ya 190,000.

Humo mlikuwa na Torati, sala na Talmudi. Mlikuwa pia na hati za ndoa na za talaka, risiti, maagizo ya dawa, na kitabu cha mtoto cha kujifunzia herufi, chenye picha zilizopakwa rangi. Na mlikuwa na orodha za maskini waliogawiwa mkate: majina, na mbele ya kila jina idadi ya mikate. Nilipofika hapo nilivua miwani. Goitein alitumia zaidi ya miaka thelathini kusoma karatasi kama hizo, akaandika juzuu tano juu ya maisha ya watu wale, la kwanza mwaka 1967 na la mwisho mwaka 1988, yeye akiwa ameshafariki mwaka 1985. Orodha ya mkate wa maskini ilimtosha mwanazuoni mkubwa kuwa kazi ya maisha. Nami orodha ya mtama wa babu niliona haifai hata kuwekwa kabatini.

Niwape karatasi moja muione kwa karibu. Musa bin Maimun, mwanazuoni na tabibu mkubwa aliyeishi Fustat, alikuwa na mdogo wake aitwaye Daudi, mfanyabiashara. Karibu mwaka 1170 Daudi alikata jangwa kutoka mto Naili hadi bandari ya Aydhab kwenye Bahari ya Shamu. Akamwandikia kaka yake. Alitengana na msafara, akafika kwa taabu. Bidhaa aliyoitaka haikupatikana bandarini, ilikuwapo nili tu, basi ameamua kupanda jahazi aende India. Anamsihi kaka asiwe na wasiwasi, amtulize mkewe. Daudi hakurudi. Alizama katika Bahari ya Hindi, na Musa, kama alivyoandika baadaye, aliugua akalala kitandani karibu mwaka mzima. Barua ya Daudi ilikutwa katika geniza. Karatasi ile haina hukumu ya kidini wala hekima ya falsafa. Ina mkono wa mdogo mtu anayemtuliza kaka yake kabla ya safari. Lau mtu angesema ni takataka, leo tungemjua bin Maimun wa vitabu vikubwa, na huyu kaka aliyelia tusingemsikia vizuri.

Kwa hiyo msiniambie kwamba barua za bibi yenu hazina maana kwa kuwa zimejaa salamu na bei za mchele. Bei za mchele ndizo zitakazotafutwa.

Nirudi kwa bin Sira, kwani hapo pana nasaha ya subira. Kurasa zaidi zilipopatikana na kuchapishwa, D. S. Margoliouth, profesa wa Kiarabu wa Oxford, alipinga. Mwaka 1899 alidai kwamba Kiebrania kile si cha babu: mtu wa karne za baadaye alichukua tafsiri akaigeuza kuwa Kiebrania. Lilikuwa shaka la mtu msomi, na lilikuwa zito, kwa maana miswada ya geniza ilikuwa imenakiliwa zaidi ya miaka elfu baada ya mwandishi. Schechter alijibu kwa hoja. Ubishi ukaendelea. Schechter akahamia Marekani mwaka 1902, akafariki New York mwaka 1915, na wapo wengine walioshuka kaburini na shaka zao.

Mwaka 1964 wachimbaji walioongozwa na Yigael Yadin walikuwa Masada, ile ngome ya mlimani juu ya Bahari ya Chumvi iliyoanguka mikononi mwa Warumi karibu mwaka 73. Wakafukua vipande vya gombo la ngozi: Yoshua bin Sira, Kiebrania. Gombo hilo lilikuwa limenakiliwa kabla ya ngome kuanguka. Wakaliweka kando ya kurasa za Kairo. Maneno hayakulingana yote, wanakili wa karne nyingi walikuwa wameacha alama zao, lakini kwa msingi wake kitabu kilikuwa kile kile. Kiebrania cha geniza kilikuwa kimeshuka kutoka kwa babu. Schechter alikuwa na karibu nusu karne kaburini. Leo tunacho Kiebrania cha takriban theluthi mbili za kitabu, na theluthi iliyobaki bado tunamtegemea mjukuu.

Wewe wa chuo kikuu, tazama vizuri hapo. Hoja nzuri zilikuwa pande zote mbili, na kilichoamua ni ngozi iliyotoka ardhini. Ukiwa na jambo unaloliamini, liweke wazi na ushahidi wake, kisha uwe radhi kufa kabla halijathibitishwa. Na umheshimu anayekupinga, kwa kuwa pasingekuwa na Margoliouth, kurasa zile zisingechunguzwa kwa ukali ule, na gombo la Masada lisingekuwa na swali la kujibu.

Wayahudi wamelijenga jambo hilo ndani ya vitabu vyao. Siku moja mkipata nafasi, tazameni ukurasa wa Talmudi. Katikati kuna maneno ya marabi wa kale wakibishana. Upande wa ndani kuna maelezo ya Rashi, mwalimu wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1105. Upande wa nje kuna waliokuja baada yake, baadhi yao wajukuu zake mwenyewe, wakimuuliza babu maswali makali ukingoni mwa ukurasa ule ule. Umbo hilo lilikazwa na mchapaji Mkristo, Daniel Bomberg wa Antwerp, aliyechapa Talmudi nzima mjini Venice kati ya mwaka 1520 na 1523. Hesabu ya kurasa aliyoitumia ndiyo inayofuatwa hadi leo, hivi kwamba Myahudi wa mji wowote akitaja ukurasa, wa mji mwingine anaufungua pale pale. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1553, Talmudi zilichomwa moto hadharani Roma kwa amri ya wakubwa wa Kanisa langu. Ninayaandika hayo kwa uchungu. Aliyechoma kwa chuki na aliyechoma kwa ujinga kama mimi, majivu yao yanafanana.

Hoja ya aliyeshindwa nayo imeachwa katika vitabu hivyo. Marabi walijiuliza: kwa nini tunaandika maneno ya mmoja, ilhali hukumu imefuata wengi? Wakajibu kwamba huenda siku moja baraza lingine likayaona maneno ya yule mmoja na kuyategemea. Na wanafunzi wa Talmudi husoma wawili wawili, kila mtu na mwenzake. Kuna kisa cha Rabi Yohanani, aliyefiwa na mwenzake wa kusoma, Resh Lakish. Wakampa mwingine, msomi kweli, ambaye kila Yohanani akisema jambo, yeye alileta ushahidi wa kumuunga mkono. Yohanani akasikitika. Yule wa kwanza, alisema, nilipotamka neno alinipinga mara 24, nami nikajibu mara 24, na elimu ikapanuka. Mdogo wenu na anisikie: simu yako inakuunga mkono daima. Tafuta mwenzio wa kukupinga, mkae naye meza moja, kitabu kimoja kati yenu.

Sasa nifike kwenye dawa ya kosa langu, maana sikutaka kuwaachia kidonda kitupu.

Torati ya kusomwa sinagogini huandikwa kwa mkono juu ya ngozi, herufi 304,805 kwa hesabu ya mapokeo. Mwandishi haruhusiwi kuandika kwa kukumbuka, hata kama anaijua yote kwa moyo. Sharti atazame nakala mbele yake, atamke neno, ndipo aliandike. Herufi moja ikikosekana, gombo halifai kusomwa mpaka lisahihishwe. Kwa Kiebrania mwandishi na mwenye kuhesabu hutoka mzizi mmoja, na Talmudi inasema waandishi wa kale waliitwa hivyo kwa sababu walizihesabu herufi.

Na walipokutana na neno lililoonekana kukosewa, walifanyaje? Hapo ndipo walipo walimu wangu wakubwa, Wamasora wa Tiberia, mji wa kando ya Ziwa la Galilaya, waliofanya kazi yao mpaka karne ya kumi. Wao walipokea Maandiko ya konsonanti tupu, wakaongeza alama za irabu na za kusomea. Palipokuwa na neno ambalo mapokeo yalilisoma tofauti na lilivyoandikwa, hawakuligusa. Waliliacha lilivyo, na ukingoni wakaandika jinsi ya kulisoma. Penye umbo la neno lisilopatikana mahali pengine popote, waliweka ukingoni herufi moja, lamedi, kifupi cha kusema halina la pili. Herufi hiyo moja inamwambia mnakili wa kesho: usilisahihishe, si kosa, lipo hili tu.

Lau ningewajua nikiwa kijana! Ningeandika pishi kama babu alivyoandika, na ukingoni nikaweka: ni vibaba vinne.

Wala msidhani kwamba dawa ni kuficha asili isiguswe na mkono wa mtu. Mswada mkuu wa Wamasora, ulioandikwa karibu mwaka 930 na kutiwa irabu na Aaron ben Asher, ulitunzwa kwa karne nyingi katika sinagogi la Aleppo nchini Syria. Walinzi wake waliuonea wivu kiasi kwamba ni nadra mtu kuruhusiwa kuupiga picha. Mwaka 1947 ghasia zikatokea, sinagogi likachomwa. Ulionusurika uko Yerusalemu leo ukiwa na pengo: karibu Torati yote haimo. Asili bila nakala ni hatari kama nakala bila asili. Pigeni picha, nakilini, sambazeni. Kisha rudisheni karatasi yenyewe kwenye sanduku kavu, mbali na mchwa.

Mwaka juzi shangazi yenu wa Urambo alifariki. Katika vyombo vyake tukakuta kifuko cha mbegu za maboga, na mbegu zimefungwa kwa karatasi ya daftari. Niliukunjua ule ukurasa taratibu. Penseli, mwandiko umelala upande. Alikuwa ameuchana mwenyewe zamani, akiwa mtoto. Juu yake kuna majina matatu na tarehe, na mbele ya jina la katikati: pishi 7.

Nilizitoa kurasa zangu za mashine ya chapa. Sikuzichapa upya. Nilichukua kalamu nyekundu, na ukingoni, mkabala na kila kilo, niliandika: babu aliandika pishi, nimebadilisha mimi. Niliandika hivyo pote nilipokumbuka. Pale nilipojaza kwa akili yangu nimeweka duara na neno moja: sina hakika. Kurasa zimechafuka sasa, hazipendezi. Ila mkizisoma mtajua babu ni nani na mimi ni nani, na wapi mkono wa mmoja unaishia na wa mwingine unaanza.

Zote ziko kwenye bahasha ya kaki, pamoja na ule ukurasa wa mbegu. Mkija Pasaka mzichukue. Na kabla hamjaja, kila mmoja aende kwa mzee mmoja wa ukoo, aombe kufunguliwa sanduku. Mpeleke mikono safi. Msikilize kwanza, msipige picha kabla hamjauliza karatasi hii aliiandika nani, lini, na kwa nini ikatunzwa. Mkiona neno msilolielewa, msilisahihishe. Liacheni, na ukingoni mwandike swali lenu.

Mungu awape macho ya kuona, awape na mwenza wa kuwapinga. Amina.

Babu yenu.